Nimepata nafasi ya sayansi za baiolojia badala ya udaktari: nisome nini, na nitafanya kazi gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi chuo kikuu kusoma shahada ya sayansi za baiolojia. Niliomba udaktari, alama zikapungua kidogo. Nyumbani hawajafurahi. Mjomba anasema shahada hii haina kazi zaidi ya kufundisha, na rafiki yangu ananishauri nikae mwaka mzima nirudie mtihani. Mimi baiolojia naipenda, ila sijui huko chuoni watu wanasoma nini hasa, wakimaliza wanakwenda wapi, na kama nitaweza kurudi kwenye udaktari baadaye. Naogopa kupoteza miaka yangu. Unanishauri nini?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nafasi uliyopata.

Mjomba wako ana sehemu ya ukweli, na ni vizuri tuikubali mapema. Anayesoma udaktari, ufamasia au uhandisi hutoka chuoni na jina la kazi mkononi. Anayesoma sayansi za baiolojia hatoki nalo. Ni nadra kukuta tangazo linalosema "anahitajika mwanabaiolojia" likaishia hapo. Utaona anahitajika mtu wa kupima vijidudu kwenye maji ya kunywa, mtu wa kuchambua data za vinasaba, mtu wa kuorodhesha mimea na popo wa eneo fulani kabla barabara haijapita, mtu wa kufuatilia watu waliojiunga na majaribio ya dawa mpya. Kazi zote hizo hufanywa na waliosoma shahada kama yako, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye cheti chao.

Kwa hiyo jibu langu kwa ufupi ni hili: shahada hii humfaa yule anayetoka nayo akiwa na jambo mahsusi analoweza kulifanya vizuri, na anayeweza kuonyesha kwamba amelifanya. Nimesimamia wanafunzi na nimekaa upande wa wanaosaili kwa muda mrefu. Wahitimu wanaohangaika, wengi wao walisoma kila kitu kwa ajili ya mtihani, wakafaulu, wakaondoka bila kazi hata moja ambayo mikono yao inaijua. Mengi nitakayokueleza hapa ni ya kukuepusha na hilo.

Tuanze na masomo yenyewe. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni mpana: seli, jenetiki, mageuko ya viumbe, fiziolojia ya wanyama na mimea, vijidudu, ikolojia. Majina utayatambua kutoka sekondari, ila kina ni kingine. Sekondari uliambiwa kwamba mitokondria hutoa nishati. Chuoni utaulizwa protoni zinavuka utando upi, kwa nini zikirudi inaundwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na sumu ya sayanidi inaukata mnyororo wa hatua hizo mahali gani hadi mtu anakufa akiwa na oksijeni tele kwenye damu. Mwaka wa pili njia zinaanza kuachana: wengine wanaelekea biokemia na baiolojia ya molekuli, wengine mikrobiolojia na kinga ya mwili, wengine botania, wadudu, samaki au uhifadhi. Mwaka wa mwisho vyuo vingi humtaka kila mwanafunzi afanye mradi wake wa utafiti. Huo mradi nitaurudia, maana una uzito kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani.

Mambo mawili huwashtua wanaoingia. La kwanza ni kemia. Kuna vijana wanaochagua baiolojia kwa kudhani wamezikimbia kemia na hesabu, kisha wanazikuta zikiwasubiri mlangoni. Kazi ya kwanza ninayompa mtu mpya maabara ni ndogo kabisa: niandalie mililita 500 za myeyusho wa chumvi ya kawaida wenye moli 0.15 kwa lita (moli ni kipimo cha kemia cha wingi wa chembe). Uzito wa moli moja ya chumvi hiyo ni gramu 58.44, kwa hiyo kwa nusu lita anatakiwa apime gramu 4.38, aziyeyushe kwenye maji pungufu ya mililita 500, ndipo aongeze maji hadi alama ya 500. Wahitimu wenye alama nzuri hukwama hapo. Wengine hupima sawasawa, kisha wakamimina chumvi juu ya mililita 500 kamili, na myeyusho ukazidi ujazo uliotakiwa. Kwa chumvi kidogo namna hiyo madhara si makubwa, lakini ni dalili kwamba mtu alikariri kanuni bila kuelewa inasema nini.

La pili ni takwimu. Kila kiumbe hutofautiana na mwenzake, kwa hiyo swali la mwanabaiolojia kila siku ni lilelile: tofauti hii ninayoiona imeletwa na nilichokifanya, au ni bahati tu? Mwanatakwimu Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na kule alikuta rekodi za mavuno za miaka mingi ambazo zilikuwa hazijachambuliwa ipasavyo. Mbolea hii imeongeza mavuno, au kipande hiki cha shamba kilikuwa na udongo mzuri tangu mwanzo? Mengi ya majaribio ya takwimu ambayo wanafunzi wa baiolojia huyakariri leo kwa manung'uniko yalizaliwa kutokana na maswali ya namna hiyo. Nakusihi usiyakariri. Jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu ambayo ni ya bure, na uitumie kwa data za mazoezi yako mwenyewe tangu mwaka wa kwanza. Mhitimu wa baiolojia anayeweza kuchukua jedwali chafu la data, kulisafisha, kuchora mchoro unaoeleweka na kusema kwa tahadhari unaonyesha nini, hatakosa mtu wa kumhitaji.

Sasa mikono. Chukua pipeti, kifaa utakachokishika kuliko kalamu ukienda upande wa maabara. Kitufe chake kina vituo viwili. Ukibonyeza hadi kituo cha kwanza, ukaizamisha ncha kidogo tu ndani ya kimiminika na kuachia polepole, inavuta ujazo ulioupanga. Ukibonyeza hadi kituo cha pili wakati wa kuvuta, inavuta zaidi, na jaribio lako limeharibika bila wewe kujua. Njia ya kujipima ni rahisi: mikrolita 1 ya maji ina uzito wa karibu miligramu 1. Panga pipeti kwenye mikrolita 100, weka maji kwenye chombo kilicho juu ya mizani sahihi, soma, kisha rudia mara kumi. Ukisoma 99, 100, 100, 101, mkono wako umetulia. Ukisoma 92, 107, 95, bado. Na ukisoma 94 mara zote kumi, mkono ni mzuri, pipeti ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Zoezi hili halina alama kwenye mtihani wowote, na sijui linalokaribia thamani yake. Liombe kwa fundi wa maabara wiki ambayo maabara iko wazi. Mafundi wa maabara ni walimu ambao wanafunzi huwapita bila salamu, wakati wao ndio wanaojua kwa nini majaribio hukataa.

Nikupe pia habari ya PCR, kwa sababu inaunganisha kila kitu ninachotaka kukuambia. Kipimo hiki huchukua kipande kidogo cha DNA na kukinakili mara nyingi mno. Mrija hupashwa hadi nyuzi joto 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hushushwa hadi kama 55 ili vipande vidogo vya kuanzishia vishike mahali pake, hupandishwa hadi 72 ili kimeng'enya kijenge uzi mpya, kisha mzunguko unaanza tena. Kila mzunguko unazidisha kwa mbili. Baada ya mizunguko 30, kwa hesabu kamili, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983 na akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Mwanzoni kulikuwa na kero kubwa: kimeng'enya kilichotumika kilikufa kila joto lilipopanda, ikabidi kiongezwe upya kila mzunguko. Dawa yake ilipatikana kwa bakteria anayeitwa Thermus aquaticus, ambaye huishi kwenye chemchemi za maji moto na vimeng'enya vyake haviharibiki kwa joto hilo.

Bakteria huyo aligunduliwa na watu wasiokuwa na habari yoyote ya PCR. Thomas Brock alikuwa akichunguza viumbe gani wanaweza kuishi kwenye maji ya moto sana ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Aliyemkuza bakteria huyo maabara, kutoka sampuli ya mwaka 1966, alikuwa Hudson Freeze, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Indiana. Wawili hao walimtangaza mwaka 1969. Tafakari kidogo: vipimo vingi vya vinasaba vilivyofanywa duniani kote tangu miaka ya 1980, vya uhalifu, vya magonjwa, vya ubaba, vimesimama juu ya kazi ambayo mikono ya mwanafunzi kama wewe ilishiriki kuifanya. Mwanafunzi anaponiambia kwamba mradi wa shahada ya kwanza ni wa kutimiza masharti tu, humsimulia habari ya Freeze.

Kwa hiyo mradi wako wa mwaka wa mwisho uuchague kwa makini, na umchague msimamizi kabla ya mada. Mada nzuri kwa msimamizi asiyeonekana itakupa karatasi na hasira. Mada ya kawaida kwa msimamizi anayekaa na wewe kila wiki kuangalia daftari lako itakupa taaluma. Na daftari lenyewe ulitunze: tarehe, ulichokifanya, ulichokitegemea, ulichokiona, hata pale mambo yalipoharibika. Hasa pale yalipoharibika. Niliwahi kumsaili binti ambaye alama zake zilikuwa za kati. Tulimwuliza habari ya mradi wake, akasema kwa miezi kadhaa mrija wake wa ulinganisho, ule wenye maji bila DNA, ulikuwa ukitoa jibu kana kwamba una DNA. Maana yake kila matokeo aliyokuwa ameyapata hayakuaminika. Akatueleza alivyobadilisha kitu kimoja kimoja: kwanza kimeng'enya, kisha vipande vya kuanzishia, kisha ncha za pipeti, hadi akakuta chupa ya maji ndiyo iliyokuwa imechafuliwa. Alichora mezani kwetu, kwa kidole, mpangilio wa mirija yake. Tulimchukua yeye, na waombaji wenye alama za juu walibaki nje.

Haya, wahitimu wanakwenda wapi? Nitakaa zaidi kwenye sehemu ninazozijua na zile ambazo vijana hawazifikirii.

Waajiri wanaosahaulika kuliko wote ni wenye maabara za udhibiti ubora. Kila anayetengeneza dawa, chakula, vinywaji au vipodozi, na kila anayesambaza maji, anahitaji watu wa kupima kabla bidhaa haijamfikia mtumiaji. Kazi yenyewe iko hivi. Sampuli ya maziwa mabichi inaingia asubuhi. Unachukua mililita 1, unaichanganya na mililita 9 za kimiminika kilichotakaswa, kutoka hapo unachukua tena mililita 1 kwenda kwenye mililita 9 nyingine, na mara ya tatu vilevile. Sasa maziwa yamepunguzwa mara elfu moja. Unapaka mililita 0.1 kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unaweka kwenye kabati la nyuzi joto 30, na siku ya tatu unahesabu makoloni, yaani vidoa vya bakteria vinavyoonekana kwa macho. Kisahani chenye makoloni chini ya 30 hakitegemewi sana, kwa kuwa bahati ina nguvu kubwa mno hapo. Kikizidi 300 yanabanana na huwezi kuyatenganisha. Tuseme umehesabu 84. Zidisha kwa elfu moja kwa sababu ya kupunguza, zidisha kwa kumi kwa sababu ulipaka sehemu ya kumi ya mililita, unapata bakteria 840,000 kwa kila mililita. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa maziwa mabichi ya ng'ombe zinataka wastani usizidi 100,000. Hapo lazima uwe na uthabiti wa kumpigia simu mkubwa wako na kumwambia kwamba mzigo huu una tatizo, huku ukiwa na uhakika kwamba hukukosea kupunguza. Watu husema kazi hii inachosha kwa kujirudia. Mimi naiheshimu sana. Watoto wanakunywa wakiwa salama kwa sababu ya mtu asiyejulikana aliyehesabu vizuri, na kwa mhitimu mpya ni mlango mzuri kwani inafundisha nidhamu ambayo mwajiri yeyote baadaye ataitambua.

Upande wa mazingira nao una nafasi. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya kutathmini athari za kimazingira, iliyosainiwa siku ya kwanza ya mwaka 1970, nchi nyingi zimeweka masharti kama hayo: kabla ya bwawa, mgodi au barabara kubwa, mtu lazima aende kuona ni viumbe gani wanaishi pale. Anayetakiwa ni mtu anayeweza kuwatambua viumbe kwa majina yao kamili, si mtu "anayependa mazingira". Wenye uwezo wa kutambua nyasi, kuvu, wadudu wa majini au sauti za popo ni wachache, na wanazidi kupungua kwa sababu vyuo vingi vimepunguza masomo hayo. Ukijikuta unapenda kundi moja la viumbe ambalo wenzako wanaliona halina maana, liendeleze bila aibu. Mtaka yote hukosa yote, na katika ikolojia mwenye kundi moja analolijua barabara huitwa kazini kabla ya mwenye kujua juujuu makundi kumi.

Kilimo kinachukua wahitimu wengi kuliko wanavyotarajia: uzalishaji wa mbegu, magonjwa ya mimea, wadudu waharibifu, kuzalisha miche kutoka kwenye tishu maabara. Ufugaji wa samaki pia.

Kisha kuna data. Mradi wa jenomu ya binadamu ulianza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, ukasoma herufi zipatazo bilioni tatu za DNA yetu. Kazi iliyochukua miaka kumi na tatu na maabara za nchi kadhaa, leo mashine moja huifanya kwa siku chache. Kinachokosekana sasa ni watu wa kuelewa herufi hizo zinasema nini. Mwanabaiolojia anayejua kuandika programu kwa Python au R ana thamani kubwa hapa, mara nyingi kuliko mtaalamu wa kompyuta asiyejua jeni ni nini. Utasikia kwamba akili bandia itamaliza kazi hizi, na ni kweli kwamba imebadilisha mengi: Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker kwa kubuni protini kwa kompyuta, na kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayotabiri umbo la protini. Lakini programu hiyo ilijifunza kutokana na hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo wanasayansi waliijaza kidogo kidogo kwa majaribio ya mikono. Data mbovu ikiingia, jibu bovu litatoka, na anayeweza kuigundua data mbovu ni yule aliyewahi kuizalisha mwenyewe maabara.

Nyingine nizipitie kwa haraka. Majaribio ya dawa kwa binadamu yanahitaji waratibu makini wa kumbukumbu na taratibu. Mamlaka za dawa na chakula zinahitaji wakaguzi. Ofisi za hataza zinahitaji watu wa kuamua kama uvumbuzi ni mpya kweli. Makampuni ya vifaa vya maabara yanahitaji wauzaji wanaojua kifaa kinafanya nini. Magazeti, redio na makumbusho yanahitaji wanaoweza kuieleza sayansi kwa lugha ya watu. Na kufundisha, kazi ambayo mjomba anaitaja kama adhabu: mwalimu wa baiolojia aliyewahi kushika sampuli na kukosea na kurekebisha ni hazina kwa shule, na ukijiona una wito huo ufuate kwa moyo mweupe, ukikumbuka kwamba mara nyingi utahitaji mafunzo ya ualimu juu ya shahada yako.

Upelelezi wa vinasaba nautaja peke yake kwa sababu vijana wengi wanaota kazi hiyo. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kumtambua mtu kwa DNA mwaka 1984, na moja ya mashauri ya kwanza ya mauaji ambako ilitumika, mwaka 1986, ilimwokoa kijana aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Ni kazi yenye heshima kubwa. Nafasi zake lakini ni chache, na maabara hizo kwa kawaida hupendelea wenye msingi imara wa jenetiki, kemia na takwimu kuliko wenye shahada yenye jina la kuvutia la upelelezi. Usichague kozi kwa jina lake.

Sasa onyo ambalo natamani kila anayeingia fani hii angelisikia kabla ya kujisajili. Shahada ya sayansi za baiolojia na shahada ya sayansi za maabara ya tiba ni vitu viwili tofauti. Katika nchi nyingi, anayepima damu ya wagonjwa hospitalini lazima awe amesoma kozi iliyotambuliwa na baraza la taaluma hiyo na awe amesajiliwa. Kila mwaka kuna wahitimu wa baiolojia wanaogundua hilo siku wanapopeleka maombi ya kazi hospitali. Ikiwa picha uliyonayo kichwani ni ya maabara ya hospitali, mtafute msajili wa baraza husika sasa hivi, umwulize kozi uliyopangiwa inatambuliwa au la, na upate jibu kwa maandishi.

Tuje kwenye udaktari, maana nahisi hilo ndilo linalokuumiza. Njia ya kurudi ipo. Marekani kwa kawaida wanaoingia shule ya udaktari husoma chuo kwanza, na wengi wao walisoma baiolojia. Uingereza na Australia zina programu za udaktari kwa wenye shahada tayari. Nchi nyingine zinaruhusu lakini unaanza mwaka wa kwanza upya. Kote ushindani ni mkali na alama zako za shahada zitaangaliwa, kwa hiyo anayesoma baiolojia kwa kinyongo, akisubiri udaktari, mara nyingi hukosa vyote viwili.

Jiulize hivi: unachokitaka ni kukaa na mgonjwa, umsikilize, umpime, ubebe uamuzi wa matibabu yake? Au kinachokuvuta ni ugonjwa wenyewe, unavyoingia mwilini na unavyoweza kuzuiwa? Kama ni la kwanza, na alama zilipungua kidogo tu, na kuna sababu ya kweli ya kuamini zitapanda, kurudia mtihani si aibu na sitakukataza. Kama ni la pili, umeshapata nafasi inayokufaa. Katalin Karikó si daktari wa tiba. Alisoma shahada ya baiolojia katika Chuo Kikuu cha Szeged, Hungaria, akaendelea hadi uzamivu, akatumia miaka mingi kwenye RNA, molekuli inayobeba maagizo ya DNA ndani ya seli, wakati wengi hawakuitilia maanani. Kazi yake na Drew Weissman ndiyo iliyowezesha chanjo za RNA dhidi ya COVID-19, na mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Amewagusa watu wengi bila kuwa na wodi.

Kwa jinsi ulivyoandika, kwamba baiolojia unaipenda, mimi ningekuambia uichukue nafasi hii, kwa sharti moja: uwe umeridhika nayo hata kama mlango wa udaktari hautafunguka tena.

Kuhusu shahada za juu, usikimbilie uzamili kwa sababu tu umekosa kazi mwezi wa kwanza. Mwaka mmoja au miwili kazini, hata kazi ndogo ya maabara au uwandani, utakufundisha unataka kubobea katika nini. Uzamivu ni kwa anayetaka kuongoza utafiti, na ni miaka mitatu hadi sita kutegemea nchi. Katika sayansi za maabara, kwenye nchi nyingi, mwanafunzi wa uzamivu hulipwa posho kutoka kwenye fedha za utafiti, kwa hiyo kabla hujajilipia mwenyewe uliza kwanza. Ujue pia kwamba nafasi za uprofesa ni chache kuliko wanaohitimu uzamivu, na wengi wao hufanya kazi viwandani, serikalini na kwingineko.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, kiulize chuo mambo machache: saa ngapi kwa wiki ni za vitendo, kila mwanafunzi anafanya mradi wake au wanagawana kumi kwa mmoja, na waliomaliza mwaka juzi wako wapi. Chuo kinachojua wahitimu wake walipo ni chuo kinachowajali.

Na ukishaingia, usisubiri mwaka wa mwisho. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kabla ya likizo ndefu, chagua wahadhiri wawili au watatu ambao kazi zao umezisoma walau kidogo, uwaandikie barua pepe fupi. Taja jambo moja mahsusi kwenye kazi yao lililokuvutia, sema una wiki ngapi, na omba kusaidia kazi yoyote, hata kuosha vyombo vya maabara na kuandaa visahani. Usiambatanishe wasifu wa kurasa nne. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mwandikie tena kwa heshima au mwendee ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi. Wahadhiri hupokea barua nyingi, na kimya chao mara nyingi kina maana tu kwamba barua yako imefunikwa na nyingine.